Aliyefunga Hakagui

Katika kazi ya lifti kuna sheria ambayo haikubandikwa ukutani, lakini hakuna fundi anayejiheshimu anayeivunja: aliyefunga hakagui. Ukishakaza bolti za breki unashuka, unafuta mikono, na mwenzako anapanda kuziangalia kana kwamba zimefungwa na adui yake. Si kwamba watu hawaaminiani. Jicho lililochoka huona lilichotarajia kuona, na kebo ya chuma haijali matarajio ya mtu.

Fundi huyu aliishi na sheria hiyo tangu alipokuwa kijana wa kubeba makopo ya grisi, hadi yeye mwenyewe akawa ndiye anayeitwa kwenye majengo marefu. Alikuwa na ndevu fupi zenye mvi na tabia ya kuingia kwenye lifti yoyote na kunyamaza, akisikiliza. Mkewe anakumbuka walipokuwa wachumba walikwenda hospitali kumwona mgonjwa, na tangu mlango wa lifti ulipojifunga hadi ulipofunguka mchumba wake hakusema neno. Alidhani amemkosea.

"Kumbe anasikiliza kebo," anasema. "Nikajua mwanamume huyu nitamgawana na vyuma maisha yangu yote."

Alipokaribia miaka hamsini moyo ulimwangusha bafuni. Mkewe ndiye aliyevunja kitasa na kumkuta sakafuni, bomba likiendelea kumwaga. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani na mfuko wa vidonge na maagizo ya daktari: atembee, afanye mazoezi, apunguze chumvi, asibebe vitu vizito. Daktari aliishia hapo. Mengine waliyaongeza watu wake wa karibu.

Kazini walimtoa kwenye mashimo ya lifti wakamweka stoo, agawe nati na balbu. Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe walimpokonya hata boksi la bisibisi. "Lete mzee, lete." Nyumbani mtungi wa gesi ukawa unabebwa na jirani. Ngazi aliyokuwa akipandia kubadilisha taa iliazimwa na shangazi wa mkewe na haikurudi tena. Binti yake, mhasibu mwenye ulimi mkali, ambaye tangu akiwa mtoto hakuwahi kumshinda baba yake kwenye drafti bila kumcheka, alianza kufungwa. Alifungwa Jumamosi moja, akafungwa na iliyofuata.

"Ugonjwa umekunoa, Baba," alimwambia.

Baba akapanga kete upya huku akitabasamu. Kwa wakati ule lilikuwa jambo pekee ambalo alikuwa akilifanya vizuri kuliko zamani.

Wazo la boti lilikuwa la Ticha, rafiki yake tangu walipokuwa wapangaji wa nyumba moja, mwalimu wa fizikia katika sekondari ya wasichana. Wa tatu wao alikuwa Dobi, mdogo wa mkewe, yaani shemeji yake: mwembamba kama waya wa hanga zake, mwenye duka la kufua na kupiga pasi, na mdomo ambao ungeweza kuwashwa na kuzimwa pamoja na pasi lakini hakuna aliyewahi kuipata swichi yake.

Nje ya mji kuna bwawa la kuzalisha umeme, na kando yake klabu ya matanga: banda la mabati, gati ya mbao, mizani ya kusimama, ubao wa matokeo. Huko Ticha alikuwa ameona boti ndogo ya mtu mmoja ambayo ikishika upepo huacha maji kabisa na kukimbia ikiwa imesimama juu ya bawa jembamba. Mwenye boti alikuwa akihama na hakutaka kuihamisha. Walichanga, wakaileta kwenye ua wa nyuma wa duka la Dobi, wakaziba nyufa zake kati ya kamba za mashuka yaliyoanikwa.

Fundi aliielewa boti ile siku ya kwanza alipopiga magoti kuitazama. Chini yake kuna nguzo inayoishia kwenye bawa, mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Puani inaburuta kijiti kinachogusa maji, ambacho wao walikiita kipapasio. Boti ikiwa chini, maji yanakisukuma kipapasio nyuma. Kipapasio kinavuta fimbo inayopita juu ya sitaha, na fimbo inainamisha kile kipande cha nyuma cha bawa, ulimi wake. Maji yanaupiga ulimi, boti inapanda. Ikishapanda vya kutosha, kipapasio kinaning'inia, fimbo inarudi, ulimi unanyooka, na boti inabaki hapo hapo hewani bila mtu kuigusa.

"Hii ni lifti," alisema. "Wamesahau shimo tu."

Ndiye pia aliyeleta sheria. Hakuna kujifungia boti, aliwaambia. Anayepanda hagusi kitu. Mwenzake anafunga, wa tatu anakagua. Dobi alilalamika kwamba huo ni urasimu wa serikali kwenye kitu kisichozidi kilo za gunia la unga. Ticha aliipenda. Ikapita.

Msimu wa kwanza wote watatu walikunywa maji ya bwawa. Boti ya aina hiyo haijui kusimama. Ukizubaa inalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Walijifunza kukaa juu ya wavu wa pembeni, mkono mmoja kwenye kana ya usukani, mwingine kwenye demani, ile kamba ya kuvutia tanga, na kuuegemea upepo wakati mwili mzima unataka kuukimbia. Ticha alijua kwa karatasi kila nguvu inayoisukuma boti, na alipinduka kuliko wote.

"Fizikia imezama tena!" Dobi alikuwa akipaza sauti kutoka gatini. "Leteni ndoo!"

Dobi ndiye aliyepaa wa kwanza. Boti iliacha kupiga kelele, ikainuka kama mtu anayesimama kitini kumpisha mgeni, ikaondoka. Alirudi akiwa hana maneno, na hiyo ndiyo iliyowafanya wenzake waamini kwamba jambo kubwa limetokea. Ticha alifuata wiki chache baadaye, akipiga mayowe njia nzima. Siku hiyo fundi alimkumbatia akiwa amelowa hadi mfukoni, kisha akasubiri zamu yake.

Zamu yake ilikuja na haikuwa na kitu. Alishika upepo vizuri, hata msimamizi wa klabu, mama mmoja aliyekuwa mwogeleaji wa mashindano enzi zake na aliyevaa filimbi shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, alikiri kwamba hakuna anayezunguka boya kwa usafi kama yeye. Lakini boti ilinyanyua pua, ikatetemeka, ikakimbia ikiburuza tumbo, paa-paa-paa juu ya maji. Haikuondoka.

"Bata!" Dobi alipiga kelele. "Jamani, bata anakimbia lakini haruki!"

Jina likakwama. Ticha alilichukua, wanachama wengine wakalichukua, na msimamizi, ambaye hakupenda kuuliza majina ya watu mara mbili, aliliandika ubaoni kwa chaki: Bata. Fundi hakulikataa. Mtu akikupa jina la utani maana yake anakuhesabu miongoni mwa wenzake. Na tangu alazwe, hakuna aliyekuwa amemtania kwa lolote. Alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, alikuwa "lete nikubebee". Kuwa bata kulikuwa nafuu.

Alichokitaka kilikuwa kidogo na kinapimika. Msimu ulifungwa kwa mashindano ya kupokezana: kila boti na wenyewe, kila mmoja raundi yake, anashuka huyu anapanda yule. Lakini asiyefuzu hapandi. Kufuzu ni kuzunguka maboya mawili na kurudi kwenye mstari boti ikiwa juu, tumbo lisiguse maji isipokuwa wakati wa kugeuza. Ticha na Dobi walikuwa wamefuzu. Fundi alitaka raundi moja. Pale bwawani, alijiambia, hakuna daktari wala mke wala kijana wa stoo. Upepo haujui kama uliwahi kuanguka bafuni.

Aliuliza tatizo ni nini. Dobi alikuwa na jibu tayari.

"Uzito, shemeji. Hii boti ina nongwa. Mimi mwenyewe nikishiba sana inaninunia."

Basi akaacha kula. Aliacha mkate, akaacha wali wa jioni, akawa anakaa mezani na sahani ya tango na kabichi huku mkewe akimtazama. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha jingine. Kila Jumapili alisimama kwenye mizani ya klabu, na siku moja mshale uliishia chini ya alama ya Ticha. Alifurahi kama mtoto. Akaingia majini, boti ikaburuza tumbo.

"Fimbo imekaa sawa?" aliuliza siku hiyo aliporudi.

"Dobi kafunga, mimi nimekagua," Ticha alisema. "Sheria yako mwenyewe, Bata."

"Nauliza tu."

"Kaa, shemeji, kunywa chai," Dobi akasema, tayari ameishika boti upande wa pua. "Usiiname-iname. Tutaiosha sisi."

Ikabaki sababu moja, na hiyo aliipata mwenyewe. Kama si uzito, ni woga. Alianza kuamini kwamba mwili wake, ukikumbuka sakafu ya bafu, ulikuwa ukilegeza demani bila kumwambia. Kwamba mkono wake ulikuwa ukimdanganya pale pale alipohitaji uvute. Usingizi ulimkimbia. Alimweleza binti yake wakicheza drafti.

"Nadhani baba yako ni mwoga," alisema.

Binti alisogeza kete. Baba alimla kete tatu kwa mruko mmoja.

Jumapili ya mwisho ya kufuzu upepo ulikuwa mzuri tangu saa za asubuhi, wa kunyooka, usio na hila. Dobi alifunga boti. Ticha alipitisha mkono juu ya kila fundo, akainua kidole gumba. Mkewe fundi alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya banda, chupa ya chai pajani.

"Haya Bata," Dobi akasema, "usiende kututagia mayai huko!"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka.

Alikuwa amefika karibu na boya la kwanza, boti ikipiga tumbo kama kawaida, wakati mawimbi yalipotulia kidogo na akasikia kitu. Tk. Pua ikashuka, ikainuka kidogo, tk. Kwa msimu mzima alikuwa amedhani ni kamba ya wavu inayogonga. Safari hii alifanya alichokuwa akifanya kwenye lifti za watu: alinyamaza ndani ya kichwa chake, akasikiliza. Haikuwa kamba. Ni sauti aliyoijua vizuri kuliko mlio wa simu yake, sauti ya chuma kinachofika mwisho wa njia yake kabla ya mwisho wenyewe. Katika kazi yake kuna vizuizi vinavyofungwa makusudi ili kibanda cha lifti kisipande zaidi ya pale mafundi walipoamua. Alikuwa amevifunga maisha yake yote.

Aliachia demani, tanga likapepea. Akalala kifudifudi, akajivuta mbele hadi kwenye mlingoti, pale ambapo fimbo inapita chini ya utepe mweusi ambao Ticha alisema ni wa kuzuia kamba zisinase. Akaubandua. Juu ya fimbo, kati ya kishikio na kiungo, kulikuwa na kijibomba cheupe cha plastiki kilichopasuliwa kwa urefu na kubanwa pale kwa kidole. Fimbo ilikuwa ikikigonga na kusimama. Ulimi wa bawa haukuwahi kuinama hadi mwisho. Boti hiyo, siku zote alizoipanda yeye, haikuwa na uwezo wa kuruka.

Kijibomba alikijua pia. Ndicho kinachovalishwa waya wa chini wa hanga ili suruali isipate alama. Ovaroli zake za kazi zilirudi kutoka kwa Dobi kila wiki zimening'inia juu ya kijibomba kama hicho.

Alikichomoa, akakisukuma ndani ya jaketi la kuelea. Msimamizi alikuwa amesogea na boti ya uokoaji.

"Unarudi?"

"Nirudi wapi? Nataka kuanza upya."

Alirudisha boti kwenye mstari, akainua mkono. Filimbi ikalia.

Alivuta demani mara moja tu. Pua ikapanda, akasubiri ile paa-paa-paa, haikuja. Kelele zote zilikatika kwa pamoja, kama zinavyokatika za barazani mlango wa lifti unapojifunga. Maji yalikuwa chini, mbali, yakipita kwa kasi ambayo hakuwahi kupita nayo popote bila kuwa ndani ya gari. Anasema alilia, ila uso ulikuwa umelowa tayari, kwa hiyo hapakuwa na hasara. Alilizunguka boya la kwanza kwa usafi ule ule aliosifiwa nao na akainuka tena mara moja upande wa pili. Mkono haukulegeza kitu. Haukuwahi kulegeza.

Njia kati ya maboya inapita sambamba na gati, na hapo ndipo alipogeuza shingo kuwatazama. Wanachama wengine walikuwa wameruka juu, wanapiga makofi na kuita. Watu wake watatu walikuwa wamesimama kimya. Dobi alikuwa na mikono kichwani. Ticha alikuwa akimtazama Dobi. Mkewe alikuwa amesimama, kiti kimepinduka nyuma yake. Mtu anayeona muujiza hutoa macho. Wale watatu walikuwa na sura za watu waliokutwa jikoni na mfuniko mkononi.

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba na mkewe anajua.

Boya la pili alilizunguka vizuri. Sasa upepo ulikuwa unatoka nyuma, mstari uko mbele yake, amebakiza kipande cha kurudi. Na hapo ndipo lilipokuja pigo la upepo lisilo kubwa, la kawaida kwa mtu aliyezoea. Boti ikapanda juu zaidi ya ilivyopaswa. Mtu aliyekuwa akipaa msimu mzima anajua kwa matako yake, si kwa akili, kwamba hapo unarudi nyuma, unalegeza kidogo, unaishusha taratibu. Dobi alikuwa amejifunza hilo kwa kuanguka mara nyingi kwenye upepo mdogo wa mwanzo wa msimu. Ticha naye. Fundi hakuwahi kuwa juu ili ajifunze kushuka. Bawa lilitoka majini, likameza hewa, na pua ya boti ikaenda chini kama panga. Yeye aliendelea mbele peke yake.

Msimamizi ndiye aliyemtoa. Mstari, alisema baadaye alipoulizwa, ulikuwa karibu kiasi cha kuuona kwa macho, lakini mstari ni mstari. Boti haikupata hata mkwaruzo.

Walimlaza gatini, bega la kushoto limeshuka kwa namna ambayo bega halishuki. Mkewe alipiga magoti, akambandika sikio kifuani juu ya jaketi lililolowa, jambo lisilo na maana yoyote kitaalamu.

"Unaona sasa?" alisema. "Unaona? Ndiyo nilichokuwa naogopa."

"Nimeona," fundi akasema.

Dobi alikuwa akilia waziwazi. "Shemeji, nisamehe. Lakini si ulikiona mwenyewe? Si umeona kilichotokea ulipokitoa?"

Fundi alifungua jaketi kwa mkono mzima, akakitafuta kijibomba, akamkabidhi.

"Chukua hanga yako," alisema. "Suruali ya mtu itapata alama."

Hospitali walikuta mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika pamoja na mbavu mbili. Kwa sababu ya historia yake walimpima na moyo, wakampima tena kesho yake. Moyo ulikuwa mzima kabisa. Daktari aliuliza ni mazoezi gani amekuwa akifanya, akamwambia mkewe kwamba mumewe aendelee hivyo hivyo.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani walikuja wote wawili, Ticha na Dobi, wakakaa kwenye kochi moja kama wanafunzi mlangoni mwa mwalimu mkuu. Mkewe aliweka chai mezani na hakuondoka; alikaa pia, kwa kuwa kesi ilikuwa yake. Alisema bila kuzunguka. Ndiye aliyemwita mdogo wake kabla boti haijaingia majini. Alimwambia: mwacheni acheze, afurahi, apate hewa, lakini asipae.

"Mimi ndiye niliyekuokota pale chini," alisema. "Wewe hukuwepo. Ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Ilikuwa hoja nzito, na fundi aliipa muda wake. Akamgeukia Ticha.

"Wewe ulikagua."

"Nilikagua."

"Kila Jumapili."

"Fundi, niliogopa. Ungefia mle, mimi ningemwambia nini huyu? Nilidhani utachoka uache. Hukuchoka."

"Nilikuwa nakula tango," fundi akamwambia mkewe. "Mbele yako. Nilikuwa natoboa mkanda, unanishikia tochi nione msumari unapoingia."

Mkewe alitazama chai yake. "Daktari alisema upungue hata hivyo."

Dobi alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Tulikupenda, shemeji. Ndiyo kosa letu."

"Sawa. Dada yako aliomba nisipae. Nimeelewa, ni mke wangu." Alitafuta mkao ambao mbavu zingemruhusu. "Na Bata? Bata nalo aliliomba yeye?"

Feni ya dirishani ilizunguka. Ticha, ambaye kazi yake ni kueleza mambo, alifungua mdomo, akaufunga. Chai yao ilibaki mezani hadi ikapata ngozi juu.

Wiki iliyofuata mashindano ya kupokezana yalifanyika. Boti ilikuwa nzima na hapakuwa na sababu ya kuiacha bandani. Dobi alipanda raundi moja, Ticha mbili. Walimaliza katikati. Ubaoni, aliyekwenda kutazama anasema, jina la Bata lilikuwa limefutwa na kiganja, chaki ikabaki kama ukungu. Walimpigia simu jioni kumweleza. Aliwapongeza kwa adabu ambayo Ticha anasema ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Hawakugombana. Hilo ndilo watu wa mtaani wanaloshindwa kulielewa wanapouliza mbona hawaonekani pamoja. Fundi anamsalimia shemeji yake, anapeleka nguo kwake, anazichukua. Analala kitanda kimoja na mkewe, anakula anachopakuliwa. Ila sasa anaonja kwanza. Ananyamaza, anasikiliza chakula kama alivyokuwa akisikiliza kebo, kisha anauliza kama chumvi iliyomo ndiyo aliyoambiwa imo. Akipewa vidonge anasoma karatasi. Bega lilipounga alirudi stoo na siku ya kwanza alimwuliza bosi wake, mbele ya vijana, kama ile stoo ilihitaji mtu au mtu ndiye aliyehitaji stoo. Bosi alisema anathaminiwa sana. Alikwenda kwa shangazi wa mkewe kudai ngazi, akaambiwa iliuzwa zamani.

Mtu aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mara moja hujipapasa ngozi yote kutafuta pengine palipobaki pakavu.

Jumamosi moja binti yake alikuja kama kawaida, akatandika ubao wa drafti kwenye meza ndogo ya sebuleni. Walicheza bila maneno mengi. Baba alishinda. Akashinda tena. Binti akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Haya mzee, bado mkali, bega bovu na bado mkali."

Baba hakupanga kete. Alizirudisha moja moja mahali zilipokuwa, kinyumenyume, hatua kwa hatua, jambo ambalo kichwa chake bado kiliweza kulifanya bila taabu, hadi alipofika kwenye hatua aliyoitaka. Pale pembeni kete yake ilikuwa wazi na nyuma yake hapana kitu. Mtoto wa darasa la tatu angeiona. Binti huyu aliyekokotoa hesabu za kampuni nzima alikuwa amesogeza kete upande mwingine.

"Hapa hukuniona?"

"Wapi?"

"Hapa."

Binti aliangalia ubao muda mrefu kuliko ubao ulivyohitaji.

"Sikuona, Baba."

"Mama yako alikwambia?"

"Aniambie nini?"

"Nimekuuliza."

"Baba, ni mchezo tu."

Kutoka jikoni sauti ya vyombo ilikoma. Fundi alingoja. Alikuwa tayari kupokea lolote, hata uongo, mradi uje umekazwa vizuri. Binti alianza kupanga kete upya, zake na za baba yake, akizinyoosha safu kwa ncha ya kucha.

"Tucheze nyingine," alisema. "Hii nitakufunga. Naapa."

"Hapo ndipo mliponiharibia," baba akamwambia. "Hata ukinifunga, nitajuaje?"

Akaukunja ubao na kete zikiwa ndani.